Niulize kiambata, usiniulize jina la chupa

Najua wengi mlikuwa mnasubiri sehemu ya pili ya somo la kitalu cha nyanya. Itakuja. Leo naomba mnivumilie nitoe la moyoni, maana nimelibeba muda mrefu na msimu wa kushika bomba unakaribia.

Miaka michache nyuma kijana mmoja wa hapa Saza alikuja ofisini kwangu na mfuko wa sandarusi. Alikuwa amelima nyanya ekari moja na nusu kule bondeni, kwa pampu ya kukodi na mkopo wa kikundi. Kantangaze akamwingilia. Wiki kadhaa kabla ya siku hiyo alinipigia simu kuomba ushauri. Nilikuwa njiani na pikipiki, nikasimama pembeni, nikamjibu harakaharaka: "Usipige dawa moja muda wote, mdudu atazoea. Badilisha dawa." Nikakata simu, nikajiona nimefanya kazi ya serikali.

Sasa amekuja. Akatoa chupa nne, akazipanga juu ya meza yangu. Moja ya kijani, moja nyeupe yenye kifuniko chekundu, nyingine ina picha ya mdudu, nyingine ina picha ya nyanya zinazong'aa. Majina manne, kampuni nne, bei nne. Hakufoka. Alisema kwa upole tu: "Bwana shamba, uliniambia nibadilishe. Nimebadilisha."

Nikazigeuza upande wa nyuma, penye yale maandishi madogo ambayo mtu anayasoma kwa kukunja uso. Ya kwanza: lambda-cyhalothrin. Ya pili: lambda-cyhalothrin. Ya tatu: lambda-cyhalothrin. Ya nne: cypermethrin, ambayo na hizo tatu ni ndugu wa tumbo moja. Kijana alikuwa amempiga kantangaze kwa dawa ileile karibu msimu mzima, na kantangaze ni mdudu ambaye usugu wake kwa dawa za ukoo huo umeripotiwa nchi nyingi. Shamba lilishakwenda. Alichovuna hakikufika hata nusu ya deni.

Kosa lilikuwa langu. Yeye alitii alichoambiwa. Mimi nilisema "dawa" wakati nilipaswa kusema jina la kitu kilichomo ndani.

Ndiyo maana leo nasema wazi, na atakayechukia achukie: sisi maafisa ugani tuache kuwatajia wakulima majina ya chupa, na nyie vijana mnaolima kibiashara mwache kuyapokea. Jina la chupa ni la muuzaji. Jina la kiambata amilifu, yaani ile kemikali yenyewe inayofanya kazi ndani ya chupa, ndilo la kwako, kwa sababu ukilijua unaweza kulitafuta kwenye vitabu na orodha ambazo hazikuuzii kitu.

Machimboni mbona tunajua majina?

Hapa kwetu si wageni wa kemikali. Saza inajulikana kwa dhahabu tangu enzi za mkoloni, ipo kwenye ule ukanda wa dhahabu wa Lupa. Vijana wengi ninaowahudumia wanalima mahindi na ufuta wakati wa mvua, kiangazi wanaingia machimboni. Sasa niambieni, nani amewahi kwenda kununua kitu cha kuchenjulia akasema "nipe dawa ya dhahabu"? Hakuna. Mtu anasema zebaki. Anasema sianidi. Anasema chokaa. Anajua kila kimoja kinafanya nini na kinaingia hatua gani.

Lakini kijana huyohuyo akifika duka la pembejeo anasema "nipe dawa ya wadudu" au "nipe ile ya chupa ya bluu aliyotumia jirani." Kwenye dhahabu ni mtaalamu, kwenye nyanya ni mgonjwa anayepewa vidonge bila kuambiwa ni vya nini.

Na machimbo yanatufundisha jambo la pili: kujua jina peke yake hakutoshi, lazima ujue na tabia. Zebaki sote tunaijua kwa jina. Ukifungua kitabu cha sifa za kemikali utakuta inachemka kwenye nyuzi joto 357, lakini inatoa mvuke hata ikiwa imetulia tu kwenye kopo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu anayechoma dhahabu yenye zebaki ndani ya chumba anachopikia ana jina mdomoni, ila tabia hajaisoma, na mvuke anavuta yeye na watoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauingii chumbani kwako kukufungulia dirisha.

Sianidi nayo. Kwa nini wanaweka chokaa kwanza? Ni kwa sababu maji yakiwa na asidi, sianidi inageuka gesi ya haidrojeni sianidi, na gesi hiyo inaua. Chokaa inapandisha pH, wanapenda ibaki juu ya 10, ili sianidi itulie ndani ya maji. Hiyo ndiyo faida ya kujua tabia ya kitu: unajua kwa nini unafanya unachofanya.

Nyanya na ufuta vinastahili akili hiyohiyo.

Vitabu hivi vilitoka wapi

Duniani kuna vitabu na hifadhi za taarifa ambazo kazi yake ni moja: kuandika kila kemikali na sifa zake. Kimoja maarufu kinaitwa The Merck Index. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1889, na kilianza kama orodha ya bidhaa za kampuni ya Merck iliyokuwa ikiuza kemikali na dawa. Kikakua mpaka kikawa kitabu ambacho wanakemia na wafamasia wa dunia nzima hukifungua. Tangu 2013 kinatolewa na Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza. Mimi hapo najifunza kitu: hata kitabu kilichozaliwa dukani kilipata heshima yake pale watu wasiokuwa wateja walipoanza kukiamini.

Kwa upande wetu wa kilimo, Waingereza wana The Pesticide Manual, kinachotolewa tangu 1968. Ni kinene na bei yake si ya mkulima wa kata, wala ya bwana shamba wa kata. Usisumbuke nacho. Chuo Kikuu cha Hertfordshire cha hukohuko Uingereza wameweka hifadhi ya sifa za viuatilifu mtandaoni, inaitwa PPDB, unaisoma bure. Marekani wana PubChem, nayo ni bure. Shirika la Afya Duniani lina orodha inayopanga viuatilifu kwa ukali wa sumu yake, na toleo lake la 2019 unaweza kulipakua kwenye simu.

Hapa nyumbani iliyo muhimu kuliko zote ni orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa, inayotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Mamlaka hiyo iko Arusha, ilianzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na ndiyo iliyorithi kazi za TPRI ambayo wazee wetu waliijua. Ukiwa na orodha hiyo kwenye simu, unaona jina la kibiashara upande huu, kiambata upande ule, na matumizi yaliyoruhusiwa. Kwa dawa za mifugo, anayesajili ni TMDA.

Halafu kuna kitabu kidogo kuliko vyote. Umeshakilipia, umekishika mkononi, kisha unakitupa kichakani: lebo ya chupa.

Usome nini, na kikusaidie nini

Majina ya viambata nayaandika kama yalivyo kwenye lebo ili uyatambue ukiyaona. Mambo manne nayaona ni ya lazima.

La kwanza ni kundi. Kuna kamati ya kimataifa ya kupambana na usugu wa wadudu, IRAC, imevipanga viambata kwa namba kufuatana na jinsi vinavyomuua mdudu. Lambda-cyhalothrin na cypermethrin ni 3A. Spinosad ni 5. Emamectin benzoate na abamectin ni 6. Chlorantraniliprole ni 28. Ile ya bakteria, Bt, ni 11A. Kubadilisha dawa maana yake ni kubadilisha namba hiyo. Na wala si kila wiki namba mpya: unakaa na kundi moja kwa muda wa kizazi kimoja cha mdudu, kwa kantangaze ni kama mwezi hivi, bila kuzidisha idadi ya kupuliza iliyotajwa kwenye lebo, kisha unahamia kundi jingine. Kwa hiyo ushauri wangu wa pikipiki ulikuwa na makosa mawili kwa mpigo.

La pili ni kiwango. Tuseme duka lina chupa mbili za lambda-cyhalothrin, zote mililita 100. Moja imeandikwa gramu 25 kwa lita na inauzwa shilingi 7,000. Nyingine gramu 50 kwa lita, shilingi 9,000. Kijana anakimbilia ya 7,000. Piga hesabu: ya kwanza ina gramu 2.5 za kiambata, sawa na shilingi 2,800 kwa gramu. Ya pili ina gramu 5, sawa na shilingi 1,800 kwa gramu. Rahisi imekuwa ghali. Na ukichukua ile kali ukaipima kwa kifuniko kilekile ulichozoea kupimia ile dhaifu, umezidisha dozi mara mbili bila kujua.

La tatu ni tabia yake kwenye maji na udongo. Glyphosate inang'ang'ania chembe za udongo. Ndiyo maana ikigusa ardhi haiui mbegu utakayopanda. Ndiyo maana pia ukiichanganya na maji ya tope, ile dawa inashikwa na tope humohumo ndani ya bomba na majani yanabaki kijani. Hapa kwetu mvua ikinyesha mito inakuwa rangi ya chai ya maziwa, mtu anachota na kuchanganya, wiki mbili baadaye anakuja kupiga kelele kwamba ameuziwa feki. Inawezekana ni feki. Lakini mara nyingi feki ni maji. Atrazine nayo ina tabia yake: inabaki kwenye udongo. Ukiipiga kwenye mahindi halafu ukawahi kuingiza ufuta au maharage hapohapo, unaweza kuona miche inaungua ukadhani ni ugonjwa.

La nne ni sumu kwa binadamu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Angalia utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, njano inafuata, kisha bluu, kisha kijani. Kijani haina maana ya maji ya kunywa.

Ufuta wako unasafiri kuliko wewe

Kuna anayesema, mimi sipeleki mazao Ulaya, nauza Tunduma, hayo ya mabaki ya dawa hayanihusu. Ndugu yangu, ufuta wa Tanzania unafika Japani. Wajapani tangu 2006 wana sheria kwamba kiuatilifu ambacho hawajakiwekea kiwango maalumu kwenye zao fulani, mabaki yake yasizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Ukiipigia hesabu hiyo ni gramu 10 ndani ya tani 1,000. Kijiko kimoja cha chakula, kwenye ghala zima.

Na ghalani gunia lako linalala na la jirani. Kama jirani kapulizia ufuta wake stoo kwa "dawa ya wadudu" isiyojulikana jina, mzigo wenu wote una jina moja mbele ya mnunuzi. Hapo ndipo mnunuzi mkubwa anapouliza: mmetumia kiambata gani, lini? Mkulima anayejibu "ile ya chupa ya bluu" hana cha kujitetea.

Chupa ya maji ya kunywa

Hili naliandika kwa uzito wake. Kuna tabia ya kupimiana dawa kwenye chupa za maji au za soda, eti lita nzima ni hela nyingi tugawane. Ukishaimimina humo umeitupa lebo, na pamoja nayo umetupa kila kitu ambacho kitabu chochote duniani kingeweza kukusaidia.

Mtoto akinywa, daktari ataanzia wapi? Kama ni dawa ya ukoo wa chlorpyrifos au profenofos, kuna matibabu yanayojulikana, ikiwemo sindano ya atropini. Kama ni paraquat, haina dawa ya kuiondoa nguvu, na kila saa ina thamani. Ukifika kituo cha afya na chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya kahawia, umemwomba daktari apige ramli. Ukifika na chupa yenyewe, au hata picha ya lebo kwenye simu, umempa pa kuanzia. Kwa hiyo kila dawa iliyopo nyumbani kwako, piga picha lebo yake leo. Haina gharama.

Wanaonipinga

Wapo wenzangu wanaosema mkulima atachanganyikiwa na majina marefu, bora umtajie jina fupi la chupa apone. Mimi naona hiyo ni dharau iliyovaa koti la huruma. Kijana huyuhuyu anajua simu ina RAM ngapi. Anajua spea ya pikipiki ya aina hii haiingii kwenye ile. Anashindwaje kukumbuka namba 3A na 28, wakati shamba lake la milioni kadhaa linategemea hizo namba?

Wapo wanaosema hifadhi hizo zote ni za Kiingereza. Hapo wana hoja, na sitaificha. Mtu aliyeishia darasa la saba hawezi kuambiwa akasome PPDB aelewe. Ndiyo maana nasema mzigo wa kwanza ni wetu sisi wa ugani. Tukiandika ushauri, tuandike kwenye karatasi: kiambata, namba ya kundi, kiwango, dozi, siku za kusubiri. Jina la chupa liwe la mwisho, au lisiwepo kabisa. Na ombi langu kwa wakubwa ni dogo: orodha ya viambata vilivyosajiliwa, kwa Kiswahili chepesi, na namba za makundi pembeni, ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya kata. Karatasi tu. Tunabandika matangazo ya mikutano, hilo tunashindwaje?

Na wapo wanaosema lebo yenyewe inaweza kudanganya. Kweli. Chupa inaweza kuandikwa emamectin ndani ikawa na maji ya rangi. Kwa hiyo nunua duka lenye kibali, linganisha namba ya usajili na orodha ya TPHPA, dai risiti. Lakini angalia: mtu asiyejua kilichopaswa kuwemo hawezi hata kulalamika kwamba hakimo. Atauziwa mbuzi kwenye gunia na atashukuru kwa gunia.

Fanya hivi kuanzia kesho

Kabla hujatoa hela, geuza chupa. Soma kiambata, soma kiwango, tafuta namba ya kundi. Kama namba haipo kwenye lebo, itafute kwenye simu au niulize. Linganisha na orodha ya TPHPA uone kama dawa imesajiliwa na kwa zao gani. Kisha andika kwenye daftari: tarehe, zao, kiambata, kundi, dozi, maji uliyotumia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wao hawakuwa na kantangaze.

Yule kijana wa chupa nne hakuacha kilimo, ingawa ningemwelewa kama angeacha. Alilipa deni taratibu kwa kazi za machimboni, akarudi bondeni na robo ekari. Siku hizi hanipigii kuniuliza dawa gani. Ananitumia picha ya mgongo wa chupa na kuandika, "Bwana shamba, hii ni kundi gani, maana mwezi uliopita nilitumia 6." Kuna siku aliniuliza kiambata ambacho na mimi ilibidi nikakitafute kwanza ndipo nimjibu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata barua ya ajira.

Na wewe nitumie hivyohivyo. Picha ya nyuma, siyo ya mbele. Ukinitumia ya mbele nitakurudisha uigeuze.

Wiki ijayo tunaendelea na kitalu. Kila la heri shambani.